Mchujo bila nakala ya fomu ni mlolongo tu

Mhariri,

Naomba nafasi kwa ukurasa wako, najua barua ndefu huwa mnazikata lakini hii tafadhali iacheni na mkia wake. Kila msimu wa mchujo, yaani vyama vikichagua wagombea wake, ukifika picha gazetini ni ile ile, vijana wamewasha tairi katikati ya barabara, karatasi za kura zimetapakaa kwa majani, alafu chini imeandikwa wafuasi wa fulani walalamikia wizi wa kura. Sawa, tairi ikiwaka inatoa picha nzuri. Lakini kuna swali moja dogo sana sijaona mtu akiuliza, kwamba kura ziliposhahesabiwa pale kituoni nani alibaki na karatasi? Mimi nikiona tairi inaungua najua tu hapo hakuna mwenye karatasi, manake mtu aliye na karatasi yenye sahihi anatafuta wakili, hatafuti kiberiti.

Na wale husema ati mchujo ni mambo ya ndani ya chama, waachiwe wenyewe, nadhani hawajawahi kuishi kwa ngome ya chama. Kwa ngome mwezi wa nane watu huenda tu kubariki harusi iliyofungwa mwezi wa nne. Ukipewa cheti cha chama unaanza kuitwa mheshimiwa jioni hiyo hiyo, wanaokudai wanapunguza simu, hata wale walikutukana jana wanakuja na kuku. Kwa hivyo ile siku ya mchujo ndio siku ya kura yenyewe kwa mamilioni ya Wakenya, hii ya IEBC, tume ya uchaguzi, ni kuweka muhuri. Sasa niambie vile siku muhimu hivyo inasimamiwa na karani amepewa kazi jana usiku kwa simu.

Nizungumze kile nilikiona kwa macho yangu. Mimi nimewahi kuwa ajenti, yaani mtu wa kumlindia mgombea kura, kwenye mchujo mmoja, chama sikitaji na kaunti sitaji, na sio uoga, ni juu nikitaja mtasema ah, hao tunawajua, alafu muendelee na chai. Tuliambiwa kura inaanza saa kumi na mbili asubuhi. Gari la vifaa lilifika saa tisa alasiri, wazee washarudi nyumbani, wamama wameenda na wamerudi mara mbili. Rejista ya wanachama haikuwepo, karani akatoa daftari la shule, lile la jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada, akawa anaandika jina na nambari ya kitambulisho ya kila mtu anayeingia. Kama wewe ni mwanachama ama ni wa chama kingine umekuja kutuchagulia mgombea dhaifu, nani angejua. Wino wa kidole uliisha saa kumi na moja.

Lakini nitasema ukweli, kuhesabu pale kituoni kulikuwa safi. Hii watu wengi hawaamini nikiwaambia. Stima hakuna, tukawasha tochi za simu, karani anafungua karatasi moja moja anaisoma kwa sauti anatuonyesha ajenti wote, kijana mmoja yuko ubaoni na chaki anapiga vijiti vitano vitano, na watu wamejaa dirishani wanahesabu naye kama wako kanisani wanaitikia. Hakuna mtu angeiba hapo, macho yalikuwa mengi. Mwisho ubao ukasema hivi, mtu wetu 214, mpinzani wake 131, yule wa tatu 9, zilizoharibika 6. Jumla 360, na daftari lilikuwa na majina 360. Tukashangilia, hata ajenti wa upande ule mwingine akatupa mkono.

Sasa hapo ndipo fomu inafaa kutoka. Fomu ati zilibaki kwa gari ingine. Karani akachana ukurasa kwa lile daftari, akaandika hizo nambari, sote tukatia sahihi, akakunja akaweka mfukoni, akapanda bodaboda kwenda kituo cha kujumlishia. Nakala ilikuwa moja, hiyo ya mfukoni. Nilitaka kuipiga picha, simu ikawa imezima, betri yote ilikuwa imeenda kwa tochi ya kuhesabia. Hiyo ndio kitu hunichekesha mpaka leo nikiwa peke yangu, simu iliyomulika kura ndiyo iliyonyima ushahidi.

Kumi na tatu kilomita baadaye ile 131 ilikuwa imekuwa 731. Mtu alichukua kalamu akaipa ile moja ya mwanzo kofia, ikawa saba, basi. Wakati afisa anasoma orodha kwa kipaza sauti nilisimama nikapiga kelele, nikasema daftari lina majina 360 kura 960 zimetoka wapi, akaniuliza una nini mkononi? Sikuwa na kitu. Asubuhi ya Jumatatu nilikumbuka ule ubao, nikakimbia shuleni mapema, nikapata mwalimu ameshaufuta anafundisha hesabu. Matokeo ya kweli ya kituo chetu yalifutwa na dasta na hakuna mtu wa kulaumu, mwalimu angefanya nini, watoto walikuwa wanangoja.

Tukakata rufaa. Jopo la rufaa la chama lilikuwa linakaa hotelini, mbali, foleni ni kama ya hospitali, kila mgombea na ajenti wake na kila mmoja ameibiwa. Tulipewa dakika chache, wakauliza fomu iko wapi, tukasema fomu hamkuleta, wakasema bila fomu ni neno lako na neno la karani. Kusema kweli hapo walikuwa sawa. Cheti kilikuwa kimeshatolewa siku moja kabla.

Na mimi ningeendelea kulia hadi leo kama sio kitu kimoja nilisikia wiki mbili baadaye. Tumekaa na vijana wa kampeni ya mtu wetu, mtu wetu mwenyewe hayupo, wakaanza kucheka vile kwa kituo fulani walifanya 88 ikawa 388, kijana mmoja anaonyesha na kidole mezani vile aliichomeka hiyo tatu. Nikauliza, kwani sisi pia? Wakaniangalia kama mtoto. Basi nikajua, sisi hatukushindwa kura, tulishindwa kuongeza. Na hadi kesho mimi sijui nani alishinda ule mchujo, hakuna mtu anajua, hata aliyepewa cheti hajui kama alichaguliwa, na huyo alienda Bunge ama kwa kaunti, sisemi wapi, akakaa miaka mitano.

Ndio maana hizi hadithi za chama hiki ni cha wezi na kile ni safi siku hizi hazinishiki. Ukiwacha nambari itembee peke yake usiku na bodaboda, itafika imenona, haijalishi wimbo wa chama.

Wazee wanakumbuka mlolongo wa 1988. KANU, chama pekee wakati huo, iliondoa kura ya siri kwa mchujo, watu wanapanga foleni nyuma ya picha ya mgombea ama ajenti wake, afisa wa utawala anahesabu vichwa, anatangaza. Na kulikuwa na ile kanuni ya asilimia 70, ukipita hapo umeingia Bunge bila hata kupigiwa kura ya siri. Watu husema ubaya wa mlolongo ulikuwa kuona nani amesimama wapi, na kweli hiyo ilikuwa mbaya, makanisa yalipinga mapema sana, manake pasta akisimama nyuma ya huyu amewapoteza washirika wa yule, na mfanyakazi akisimama nyuma ya adui ya bosi wake kazi imeisha. Lakini kuna ubaya wa pili hausemwi sana. Foleni ikitawanyika hakuna cha kuhesabu tena. Mlolongo mfupi ulitangazwa mshindi mchana peupe watu wote wakiona, alafu saa moja baadaye kila mtu ameenda nyumbani, sasa utapeleka nini kortini, utapeleka miguu ya watu? Huo ndio ulikuwa ujanja wenyewe, kura ambayo haiachi alama. Ndani ya mwaka huo huo Kenneth Matiba alijiuzulu uwaziri akilalamika juu ya wizi kwenye uchaguzi wa chama. Mwaka 1990 baada ya kamati ya Makamu wa Rais George Saitoti kuzunguka nchi ikisikiza watu wakitoa hasira, mlolongo na ile asilimia 70 vikatupwa.

Tukafurahi. Karatasi zikarudi, masanduku yakarudi. Lakini sasa linganisha foleni iliyotawanyika na ule ukurasa wa daftari kwa mfuko wa karani, tofauti ni gani hasa? Zamani ushahidi ulienda nyumbani na miguu yake, siku hizi unabebwa na bodaboda.

Tangu katiba mpya ya 2010 tumefanya mchujo mkubwa mara tatu na ukiniuliza hata mmoja haukuwa na heshima. Ule wa Januari 17, 2013 vyama vilingoja hadi siku ya mwisho mwisho, ili anayeshindwa asipate pa kurukia, na hii mbinu walijua wanafanya nini, lakini wakajifunga wenyewe, vifaa vikachelewa, kwingine watu wakapiga kura usiku, na siku iliyofuata majina yanatakiwa kwa tume. Nafasi ya kusikiliza malalamiko hakuna kabisa. Pale Siaya, Oburu Oginga na William Oduol walivutana juu ya tiketi ya ugavana ya chama cha ODM, kila mmoja anasema ni wake, na cheti kikaenda kwa mtu wa tatu, Cornel Rasanga, ati kutuliza. Sisemi Rasanga alikuwa mbaya. Nasema mpiga kura alipanga foleni akachagua kati ya watu, alafu akaletewa jibu la mtihani mwingine.

Aprili 2017 ikawa sinema. Jubilee ilianza mchujo Aprili 21, watu wakajitokeza wengi kuliko karatasi, na chama kikafuta zoezi zima kikapanga upya siku chache baadaye. Hebu fikiria, chama tawala cha wakati huo, chenye serikali, kimeshindwa kujua wanachama wake ni wangapi hata kikachapa karatasi za kutosha! Hiyo ni kwa sababu rejista ya kweli haikuwepo, na bila rejista huwezi kujua kama kura ni nyingi kupita kiasi ama watu wamependa chama. Upande wa ODM kule Busia, Sospeter Ojaamong akatangazwa, Paul Otuoma akakataa akisema kuna vituo kura zimepita wapiga kura, vuta nikuvute ikaenda wiki, mwishowe Otuoma akaenda debeni Agosti kama mgombea huru akashindwa. Cha ajabu ni 2022 yeye yule akarudi na tiketi ya ODM ile ile akawa gavana. Siasa haina kinyongo, kinyongo kinabaki na ajenti.

Na nisionekane ninatetea kila anayelia. Wengine wanalia na hawajaibiwa kitu. William Kabogo alishindwa na Ferdinand Waititu kwa mchujo wa Jubilee kule Kiambu, akaenda huru, na Agosti wananchi wakampa jibu lile lile. Kwa upande mwingine Ndiritu Muriithi aliingia debeni Laikipia kama mgombea huru akamuangusha gavana aliyekuwa na tiketi ya Jubilee, na Mohamed Kuti akashinda ugavana Isiolo bila chama. Kwa hivyo kulia peke yake haisemi kitu, na kunyamaza pia haisemi kitu. Tungekuwa na karatasi kutoka kila kituo tungewatenganisha hawa wawili, anayelia kwa kuibiwa na anayelia kwa kuzoea kiti, kwa mchana mmoja tu na kikokotoo cha simu.

Sasa vyama vimepata dawa yao. Dawa ni kutopiga kura. Tiketi ya moja kwa moja, maelewano, utafiti wa maoni ambao hatuonyeshwi ulifanywa na nani na uliuliza watu gani. Mwaka 2022 ODM iliwapa wengi tiketi bila mchujo, Gladys Wanga kule Homa Bay akapata, Evans Kidero akaondoka akawania huru. Wanasema inazuia vurugu na inaokoa pesa. Kweli inazuia vurugu, hata usipofungua duka huwezi kuibiwa. Na Wanga angeweza kushinda mchujo vizuri tu, hiyo ndio inauma zaidi, hata aliye na watu ananyimwa nafasi ya kuonyesha watu wake, anatembea na cheti kinachonukia ofisi.

Mhariri, kile kinanishangaza ni kwamba dawa ya kweli tunayo na tumeshaijaribu. Kwa uchaguzi mkuu tumepigana sana juu ya fomu. Septemba 1, 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais, na sehemu kubwa ya kesi ile ilikuwa ni fomu, fomu 34A, zile za matokeo ya rais ya kila kituo, ziko wapi, mbona rais ametangazwa na fomu zote hazijafika. Kabla ya hapo mwaka huo huo Mahakama ya Rufaa kwa kesi ya Maina Kiai ilikuwa imesema matokeo yakishatangazwa pale chini ni ya mwisho, Nairobi haina ruhusa ya kuyapanguza. Ikafika 2022, tume ikaweka picha za fomu 34A kwa tovuti, vituo 46,229, mtu yeyote ana simu anafungua ya kijijini kwao anaangalia kama ndio ile ilibandikwa mlangoni. Jirani yangu mmoja, mtu wa kuuza nyanya, alikaa siku tatu anajumlisha na kalamu. Alikosea hesabu lakini alijumlisha! Ugomvi haukuisha, kesi zilienda, lakini watu walikuwa wanagombana juu ya kitu wanakiona.

Sasa chama kinashindwa nini kufanya hivyo? Chama ambacho mawakili wake walisimama mbele ya majaji wakilia fomu, fomu, fomu, kikienda kwa mchujo wake kinatumia daftari la jedwali. Kama ni pesa, pesa ya kuchapa fulana iko, pesa ya helikopta iko, na wagombea wanalipa ada ya uteuzi ambayo hairudi. Fomu ni karatasi. Ni karatasi, jamani.

Na sheria haijafunga mlango. Katiba kifungu cha 91 inataka chama kifanye uchaguzi wa haki ndani yake. Sheria ya Uchaguzi ya 2011, kifungu cha 31, inasema chama kikiomba, IEBC inaendesha mchujo wake. Kikiomba! Ni vyama vingapi umesikia vikikimbilia kuomba? Ni kama mtu amewekewa mizani ya bure sokoni na bado anapima kwa mkono, ukimuuliza anasema mkono wangu unajua. Marekebisho ya sheria ya vyama ya 2022 pia yakaleta mpangilio, kwamba kuna njia mbili, wanachama wote wapige kura ama wajumbe wapige kwa niaba yao, na wanaopiga wawe wanachama waliosajiliwa. Kuna Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Kisiasa, na hao watu msimu ukifika hawalali, mimi siwalaumu. Shida ni kwamba lazima upitie kwanza kwa chama chenyewe, ukifika kwa jopo siku zimeisha, karatasi za kura za Agosti zinaenda kuchapwa, na jopo likikuuliza swali ni lile lile la hotelini. Fomu iko wapi?

Najua kuna watu wataniambia nimebaki nyuma, kwamba dunia imeenda kwa tableti. Chama cha UDA kilitumia tableti kwa uchaguzi wake wa mashinani 2024 na wanasema ndio njia ya mchujo ujao. Mimi sipingi tableti, hata ajenti hawangechoka sana. Lakini nauliza swali langu lile lile la mshamba, nikishabonyeza, nani anabaki na nakala? Kama jibu ni kompyuta ya chama, basi tumerudi 1988, foleni imetawanyika, ila sasa imetawanyikia mahali siwezi kuingia. Angalau foleni ningeiona kwa macho.

Na sio sisi peke yetu tumeaibika. Jimbo la Iowa kule Marekani, ambapo miaka hiyo vyama vilikuwa vinaanzia kutafuta mgombea urais, Januari 2012 chama cha Republican kilitangaza Mitt Romney ameshinda kwa kura 8 kati ya kura zaidi ya 120,000. Wiki mbili baadaye, fomu kutoka vituoni zilipopitiwa, ikawa Rick Santorum ndiye alikuwa mbele kwa kura 34, na fomu za vituo 8 hazikupatikana kabisa. Santorum alinyimwa ile wiki mbili ya kuitwa mshindi, na kwa siasa wiki mbili ni nyingi. Februari 2020 ikawa zamu ya Democrat jimbo hilo hilo, programu ya simu ya kutuma matokeo ikakwama, nchi nzima inangoja, siku zinapita. Lakini angalia kitu kimoja, wote wawili walijua wamekosea na wakajua wamekosea wapi, kwa sababu kulikuwa na karatasi zilizotoka vituoni, na hao wa 2020 walikuwa na kadi ambazo kila mpiga kura alijaza kwa mkono wake. Programu ikafa, kadi zikabaki. Hata zile fomu 8 zilizopotea, mtu aliweza kusema ni 8, hesabu kamili. Sisi tungesema ngapi zimepotea? Hatuwezi, juu hatujui zilikuwepo ngapi.

Kwa hivyo ombi langu kwa vyama, na nitalisema kwa lugha ya ajenti. Kabla ya siku, bandikeni rejista ya wanachama kwa mlango wa kituo, wiki mbili mapema, watu wajione na wawaone wageni. Kura zikishahesabiwa fomu ijazwe hapo hapo kwa tarakimu na kwa maneno, andika mia moja thelathini na moja, sasa nionyeshe mahali utaweka kofia. Kila ajenti aende na nakala yake yenye sahihi, moja ibandikwe mlangoni, na kule kwa kujumlisha wakisoma nambari tofauti na ya mlangoni ya mlangoni ishinde, bila kikao. Na mchujo ufanywe mapema, mzozo upate angalau wiki tatu za kusikizwa. Najua mapema inawapa walioshindwa nafasi ya kuhama, lakini Katiba tayari imeshasema mgombea huru asiwe mwanachama wa chama kwa miezi mitatu kabla ya kura, hofu nyingine ni ya nini. Chama kinachoogopa kwamba watu wataondoka wakishindwa kwa haki hakikuwa na watu, kilikuwa na mateka.

Na kwenu ninyi wa gazeti pia nina neno, msikasirike. Siku ya mchujo waandishi wote wanakimbilia hotelini kumngoja mheshimiwa atoke na cheti. Wacheni mmoja tu aende kwa darasa moja kijijini saa mbili usiku, apige picha ule ubao kabla ya mwalimu kuja na dasta. Mngekuwa na ubao wetu siku ile, ile 731 isingepita hata kwa kipaza sauti.

Agosti 10, 2027 iko karibu kuliko vile inaonekana, na mchujo uko karibu zaidi. Nimeshapigiwa simu na watu wawili wanataka niwe ajenti wao, wa vyama tofauti, jambo ambalo linaonyesha vile vyama vyenyewe ni kitu gani. Sijamjibu yeyote. Lakini nimepita dukani nikanunua pawabanki moja na kitabu cha risiti, kile cha karatasi ya kaboni katikati, ukiandika juu inatokea chini mara mbili. Kitabu kilikuwa bei rahisi kuliko soda za ile meza ya kampeni. Nitakayemfanyia kazi nimemwekea sharti moja, karani akitaka sahihi yangu aandike kwa kitabu changu, na nikiambiwa hiyo haikubaliki kwa chama nitajua mapema, kabla sijapoteza siku nzima nikimulika kura za watu na simu.

Ni mimi,
Ajenti wa zamani